Kwa wenzetu michoro ya watoto ina makumbusho yake. Ya kwetu tunafungia karanga

MwalimuRangi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hautakimbia.

Shule nyingi, ninayofundisha ikiwemo, mwaka ukiisha daftari za kuchorea zinauzwa kwa kilo. Wateja wakubwa ni wauza karanga. Ukinunua pale stendi ukafungua kile kikaratasi, ndani unakutana na nusu ya ng'ombe: mgongo, pembe, mkia mrefu kuliko miguu. Ng'ombe katazama pembeni lakini macho yote mawili yako upande wako, maana mtoto anajua ng'ombe ana macho mawili na haoni kwa nini amnyime moja. Nani kamchora? Ana miaka mingapi? Hakuna. Chumvi na mafuta basi.

Sasa kuna watu duniani wameamua ng'ombe wa namna hiyo atunzwe. Oslo, Norway, kuna jumba la kimataifa la sanaa za watoto lililofunguliwa 1986 na Rafael Goldin, mtengeneza filamu aliyetoka Umoja wa Kisovyeti, pamoja na mkewe Alla. Kazi zake zimetoka nchi zipatazo 180. Kabla yao, Yerevan kule Armenia, Henrik Igityan alishaanzisha jumba la sanaa za watoto mwaka 1970. Japani, mji wa Hamada una lake tangu 1996. Wacheki nao wana maonesho ya kila mwaka Lidice, yaliyoanza 1967 kuwakumbuka watoto 82 wa kijiji hicho waliouawa na Wanazi mwaka 1942. Pale wanaonesha michoro ya watoto walio hai, kutoka kila pembe ya dunia.

Marekani kulikuwa na mama mmoja San Francisco, Rhoda Kellogg, mtu wa chekechea, aliyekusanya michoro ya watoto wadogo zaidi ya milioni moja. Huyu namheshimu kwa uvumilivu, maana alianzia kwenye yale makorogo ya mtoto wa miaka miwili ambayo sisi tunayaita kuchafua daftari. Aliyapanga akaona yanarudi katika aina 20 za msingi. Kisha akafuatilia: mtoto akishaweza kufunga duara anaanza kulitia msalaba ndani, halafu vijiti nje linakuwa jua, halafu jua linapata macho, vijiti viwili vinashuka kuwa miguu. Tayari mtu. Ndiyo maana watu wa kwanza wa watoto hawana kiwiliwili, ni kichwa na miguu. Chukua kalamu umpe wa kwako nyumbani uone.

Tuje kwenye hoja yangu. Watu wakisikia makumbusho wanawaza jengo, vioo, kiyoyozi, mfadhili. Mimi nasema jengo linaweza kusubiri hata miaka 50. Kisichosubiri ni jina la mtoto, umri, tarehe na sentensi moja ya maneno yake mwenyewe kuhusu alichochora. Vikikosekana hivyo siku ile ile, hakuna mtaalamu atakayevirudisha.

Ushahidi wangu mkubwa ni Terezín. Huu ni mji wa ngome kaskazini mwa Prague, Wanazi waliugeuza geto, yaani mahali pa kufungia Wayahudi. Desemba 1942 alifikishwa pale Friedl Dicker-Brandeis, mchoraji aliyezaliwa Vienna mwaka 1898 na kusomea Bauhaus, ile shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani. Mzigo alioruhusiwa kubeba ulikuwa mdogo, akaujaza vifaa vya kuchorea. Mle getoni akawa anafundisha watoto mabwenini. Karatasi zilikuwa za kuokoteza: migongo ya fomu za ofisi, karatasi za kufungia vifurushi. Katikati ya hali ile, mwalimu anasisitiza mtoto aandike jina lake kwenye mchoro. Mahali ambapo binadamu alikuwa namba kwenye orodha ya kusafirishwa kwenda kambi za mauaji!

Mwishoni mwa Septemba 1944 mumewe, Pavel, alisafirishwa. Friedl akajiandikisha mwenyewe amfuate. Michoro ya watoto, karibu 4,500, ikafungwa kwenye masanduku mawili ya safari na kufichwa. Yeye aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, Oktoba 1944. Mumewe alipona. Masanduku yakafikishwa Prague mwaka 1945, na leo michoro iko Makumbusho ya Kiyahudi ya mji huo, mingine ikioneshwa katika Sinagogi la Pinkas.

Kwa sababu majina yalikuwepo, watunzaji waliweza kukaa na orodha za wafungwa wakalinganisha jina kwa jina: huyu alizaliwa lini, alifikishwa lini, alipelekwa wapi. Wengi waliuawa. Unasimama mbele ya kipepeo cha penseli ya rangi na unajua ni cha nani. Bila jina kile kingekuwa kipepeo tu.

Naomba michango. Na kama kuna mtu anajua shule yetu yoyote inayotunza michoro, aiseme hapa.


BintiWaNgamiani

Mwalimu asante kwa elimu. Ila uzi wa michoro usio na mchoro hata mmoja ni dharau kwa wanachama.


MwalimuRangi

Hahaa dada, nikiweka ya wanafunzi wangu bila ruhusa ya wazazi wao nitakuwa nimevunja hoja yangu mwenyewe. Vumilia.


BabuTosha

Mwalimu mimi niko tofauti. Hiyo si sanaa, ni makuzi. Mtoto anachora kama anavyoota meno. Tukianza kutunza kila kitu, makumbusho zitajaa nyumba yenye mlango katikati, jua kwenye kona na mwembe pembeni. Nina wajukuu, hizo nyumba nazijua.


MwalimuRangi

Babu shikamoo. Hiyo nyumba na jua la kona ni sisi walimu tuliowapa! Tunachora ubaoni, tunasema "nakilini". Ukiangalia daftari za darasa zima ni nyumba moja imezaliwa mapacha 80. Ile nakubaliana nawe isitunzwe.

Lakini hoja yako ni ya zamani na ina majibu ya zamani. Mwaka 1887 Mwitaliano Corrado Ricci alitoa kijitabu juu ya sanaa za watoto. Kisa chake ni mvua: alijibanza kwenye baraza za Bologna, ukutani chini pana michoro ya watoto, juu kidogo ya wakubwa, akaanza kulinganisha. Baadaye akakusanya michoro kutoka mashuleni. Miaka kumi mbele, 1897, Franz Cižek akafungua Vienna darasa la sanaa la watoto, akisema hafundishi, anaacha yachipue. Kazi zao zilipelekwa London 1920 watu wakashangaa.

Ila hapa niseme ukweli wangu: ukizitazama zile kazi za watoto wa Cižek nyingi zinafanana mno. Mistari safi, nguo za wakulima zenye maua, majira ya baridi yaliyopangwa vizuri. Kwa mtu asiyefundisha, mkono wake unaonekana sana. Kwa hiyo kila mkusanyo wa watoto una mtu mzima nyuma yake, aliyeleta karatasi, aliyetoa mada, aliyechagua ipi itunzwe ipi itupwe. Huyo naye aandikwe. "Mada imetolewa na mwalimu" au "kachora mwenyewe mapumziko", maneno machache tu, lakini yanabadilisha kila kitu kwa atakayesoma mchoro baada ya miaka 40.


BabuTosha

Marahaba. Mapacha 80 hiyo nimeipenda. Lakini bado sijasogea, nimekaa hapa hapa.


Mnyonge_wa_Bondeni

Nasalimia kutoka Mombasa. Mwalimu umenigusa pahali. Miaka ya nyuma nikiwa msaidizi kwenye shule moja huku Pwani, walikuja watu wa shirika fulani na krayoni mpya na biskuti. Watoto wakachora asubuhi nzima, wakafurahi. Wageni wakabeba michoro yote wakaenda nayo. Baadaye tukaletewa kalenda. Mchoro wa mashua wa kijana mmoja wa darasa la nne ndio ulikuwa ukurasa wa mbele, na chini yake wameandika kwa Kiingereza kwamba ni mchoro wa mtoto wa Afrika. Jina lake aliliandika mwenyewe kwa herufi kubwa pale chini, limekatwa wakati wa kuchapa. Babake ni fundi wa mashua, akaitazama akauliza, "Sasa wameuza ngapi?" Hakuna aliyejibu.

Kwa hivyo swali langu: mchoro wa mtoto ni mali ya nani?


WakiliWaKijiweni

Hilo swali sheria ina jibu, na jibu si gumu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya mna Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Zote mbili zinalinda kazi ya sanaa kwa muumbaji wake, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Hakuna mahali panaposema muumbaji awe na miaka 18. Na hakimiliki haihitaji usajili ndipo iwepo, inazaliwa na kazi. Pamoja na haki ya kuuza kuna haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyeiumba.

Tofautisha vitu viwili. Karatasi yenyewe unaweza kuigawa, kuiuza, hata kufungia karanga. Haki ya kuichapa kwenye kalenda ni kitu kingine, haiendi na karatasi. Kwa mtoto anayesaini ni mzazi au mlezi, kwa maandishi, na iandikwe matumizi gani. Biskuti si mkataba.

Halafu mwalimu, hoja yako ya jina ina upande wa pili hujaugusa. Jina kamili la mtoto, shule na kijiji, ukiweka mtandaoni umemweka mtoto sokoni. Kenya wana sheria ya ulinzi wa data ya 2019, sisi ya 2022. Wataka nini hapo?


MwalimuRangi

Wakili umenibana vizuri. Jina kamili liwe kwenye rejista na mgongoni mwa mchoro. Ukutani au mtandaoni liwe jina la kwanza na umri, tena kama mzazi kakubali. Kulitunza ni jambo moja, kulitangaza ni lingine. Hata wale wa kalenda wangeweza kuandika jina la kwanza na umri wake, na yule kijana angejiona.

Mnyonge, pole. Ila nikupe kisa kilichoishia vizuri kuliko cha kwenu, ingawa kilichukua zaidi ya miaka 60.

Magharibi ya Australia kulikuwa na makazi ya serikali yaitwayo Carrolup, karibu na mji wa Katanning. Watoto wa Kinoongar, wenyeji wa eneo hilo, waliwekwa pale, wengi wakiwa wametolewa kwa wazazi wao kwa nguvu. Mwaka 1946 akaja mwalimu mkuu mpya, Noel White. Akawa anawatoa nje kutazama pori, wakirudi wanachora kwa chaki za rangi. Walichora machweo, miti myeusi mbele ya anga la rangi ya chungwa, kangaruu wanakimbia. Ukiziona hutaamini ni watoto. Vivuli vimelala upande sahihi, na umbali unauhisi.

Mwaka 1949 akapita mama wa Kiingereza, Florence Rutter, tayari ana miaka 70 na ushee, akavutiwa, akaichukua michoro kwenda kuionesha Ulaya. Nia ilikuwa njema, pesa ikawa tatizo. Makazi yale yakafungwa, mama akaishiwa, mwaka 1956 akamuuzia tajiri wa New York, Herbert Mayer. Mayer mwaka 1966 akaipa Chuo Kikuu cha Colgate, jimbo hilo hilo la New York. Ikawekwa ghalani. Kule Australia watu wakabaki na simulizi kwamba watoto wetu walichora, michoro imepotelea ng'ambo.

Mwaka 2004 mwanaanthropolojia Howard Morphy alikuwa matembezini Colgate, akafunguliwa masanduku, akaijua papo hapo. Mwaka 2013 chuo kikaikabidhi yote, kazi 122, kwa Chuo Kikuu cha Curtin, Perth, itunzwe karibu na Wanoongar wenyewe. Majina yalikuwepo: Revel Cooper, Reynold Hart, Parnell Dempster, Barry Loo na wenzao. Kuna watu pale waliosimama mbele ya mchoro wakasema huyu ni mjomba wangu.

Ungekuwa umeandikwa "mtoto mweusi wa Australia", angerudishiwa nani?


KijanaWaLeeds

Niko Uingereza, naongezea cha Afrika maana mmeenda mbali. Zimbabwe, nje kidogo ya Bulawayo, kuna shule ya misheni ya Cyrene. Ilianzishwa na kasisi Mskoti, Edward Paterson, mwaka 1940, na yeye aliweka sanaa kuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi. Wengine watoto, wengine vijana wa kukaribia miaka 20. Hata kuta za kanisa la shule zimejaa picha zao, watu wa Biblia ni weusi na milima nyuma yao ni mawe ya Matobo, vilima vya huko huko. Kazi zao zilioneshwa London mwaka 1949, halafu shehena moja ikabaki kwenye maboksi katika kanisa la Shoreditch, London mashariki, kwa miaka mingi. Ikaja kuoneshwa tena London mwaka 2020, na mpango ukawa irudi Zimbabwe.

Ninachotaka kusema: kilichookoa zile kazi si mapenzi ya mtu. Zilisahaulika tu mahali pakavu.


BabuTosha

Kijana hapo umesema. Kwetu huku kisahaulike mahali pakavu ukikute? Mchwa watakuwa wamesoma kabla yako.


BintiWaNgamiani

Mwalimu una maoni gani kuhusu michoro ya vita? Maana nimeona nyingi mtandaoni za watoto wa Gaza, wa Goma, na wengine. Kuna wakati nahisi watu wazima wanapenda tu kuona mtoto kachora bunduki.


MwalimuRangi

Dada, hilo jambo lina pande mbili na mimi mwenyewe naenda na kurudi.

Upande mmoja, mwaka 2007 mtafiti wa shirika la Waging Peace la Uingereza, Anna Schmitt, alikuwa mashariki ya Chadi akihoji wakimbizi wa Darfur, magharibi mwa Sudan. Watoto aliwapa karatasi na penseli waandike ndoto zao na kumbukumbu waliyonayo kali zaidi, baadhi wakataka kuchora. Ikatoka michoro 500 hivi. Vifaru, helikopta, watu juu ya farasi na ngamia wakichoma vibanda, tena helikopta na wapanda farasi katika tukio moja. Hiyo ilikuwa muhimu, kwa kuwa serikali ya Sudan ilikuwa inakana kushirikiana na wale wanamgambo wa farasi na ngamia. ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ikaipokea kama ushahidi wa kueleza mazingira ya uhalifu. Hapo mchoro ulifanya kazi ambayo kamera haikufika kuifanya.

Kabla ya hapo, vita vya Hispania, 1936 hadi 1939, watoto waliohamishiwa kwenye makoloni ya watoto, yaani makazi ya kuwatunza mbali na mapigano, walichora ndege za mabomu kwa mamia. Mingine ilisafirishwa Marekani kuchangisha fedha za chakula, na zaidi ya 600 imehifadhiwa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mingi ina jina, umri na koloni alilokuwapo mtoto. Lakini ukiitazama utaona watoto walichora pia foleni ya chakula, treni, mpira uwanjani, nyumba yao ilivyokuwa kabla. Waliochapisha walipenda mabomu zaidi. Hapo ndipo nakubaliana na wewe.

Na upande wa siasa, mwaka 2011 jumba la sanaa za watoto la Oakland, California, lilikuwa tayari kuonesha michoro ya watoto wa Gaza, likasitisha dakika za mwisho baada ya kushinikizwa. Waandaaji wakaihamishia ukumbi wa jirani. Watu wazima waliogombana ni wengi kuliko watoto waliochora.

Ninayoipenda mimi ni ile ya Hiroshima. Waumini wa kanisa moja la Washington walituma penseli na karatasi kwa shule ya Honkawa, iliyokuwa karibu kabisa na lilipoangukia bomu. Watoto wakajibu kwa michoro. Unategemea moto, unakuta maua ya cheri, kimono na watoto wanacheza. Miaka 60 na zaidi mbele ikakarabatiwa, mwaka 2010 ikaoneshwa Hiroshima, na baadhi ya waliochora, wazee sasa, wakaiona tena. Mtoto akiachwa achague, si lazima achague unachotaka kuona.


WakiliWaKijiweni

Ya Honkawa sikuijua. Natunza.


MkutubiMstaafu

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nimefanya kazi za kutunza makaratasi maisha yangu yote hapa hapa Pwani, hebu nisaidie kwenye mchwa wa Babu Tosha.

Karatasi ya daftari letu ina asidi, itageuka njano na kukatika, huwezi kuzuia ila unaweza kuchelewesha. Penseli ya kawaida haipauki kabisa, krayoni nazo zinavumilia. Makapeni ndiyo adui, rangi yake mwanga unaila, ukibandika ukutani penye jua mwaka mmoja tu imekwisha. Makumbusho kubwa michoro ya karatasi huonesha kwenye mwanga hafifu wa laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga) na baada ya miezi michache huirudisha gizani. Selotepu usiiguse, gundi yake inahamia kwenye karatasi na doa halitoki. Pini na stepo kwa hewa ya chumvi zinapata kutu ndani ya masika moja.

Boksi la karatasi za fotokopi linatosha. Laza michoro, usikunje, usikunjue kwa nguvu iliyokunjwa. Boksi liwe juu ya meza au rafu, mbali na ukuta, lifunguliwe mara kwa mara. Mchwa na mende wanapenda usipofungua. Jina na maelezo yaandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini na mkono mwepesi. Kalamu ya wino inapenya mbele. Halafu piga picha kwa simu kabla ya yote.


Mnyonge_wa_Bondeni

Mzee, na ukizipiga lamineshen? Huku maduka ya sainobodi wanafanya bei rahisi.


MkutubiMstaafu

Usithubutu. Ile ni plastiki iliyoyeyushwa juu ya karatasi kwa moto, krayoni zinayeyuka nayo na hutaitoa tena. Afadhali bahasha ya kaki.


MwalimuRangi

Mkutubi, shikamoo na asante sana. Muhula huu nina madarasa mawili, moja ndiyo lile la mapacha 80. Naanza na mchoro mmoja kwa kila mtoto, achague mwenyewe upi utunzwe, mingine aende nayo nyumbani. Fomu ya mzazi Wakili naomba unisaidie, iwe ya Kiswahili, isizidi nusu ukurasa.


WakiliWaKijiweni

Nusu ukurasa inawezekana. Nitumie kesho jioni jinsi rejista yako ilivyo, niweke safu ya saini hapo hapo.


BabuTosha

Na mtoto akichagua ile nyumba ya kunakili je?


MwalimuRangi

Inatunzwa, Babu. Nyuma naandika "mwalimu alichora ubaoni".